Nyota Moja kwa Bi Siwatu

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani mwenyewe nikaikosa, na karani wa ofisi ya ramani akanithibitishia kwa mhuri kwamba haipo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimwona humu waziri unayemfahamu, au kampuni iliyowahi kukupigia simu wakati unakula, ujue umepotea njia, rudi ulikotoka. Mimi nasimulia ya nchi isiyokuwapo, na nitaisimulia kwa upendo, maana ndimo nilimozaliwa.

Kazi yangu ni ushereheshaji. Mimi ndiye nishikaye kipaza sauti harusini na kutangaza kwamba bibi harusi anaingia sasa hivi, wakati najua fika kwamba bado anabanwa nywele. Harusi zikiadimika, huisherehesha serikali. Serikali ya kwetu haina msimu. Nimeizindulia daraja, nikaizindulia maji yanayopita chini ya daraja, na mwaka wa ukame nikaizindulia mchanga uliobaki. Sina malalamiko, nalipwa na soda napewa.

Basi ndiyo nikaitwa kusherehesha ujio wa kampuni iitwayo Ujirani Kimataifa. Makao yake makuu yako nchi ya mbali ambako, nasikia, mtu anaweza kuishi miaka na miaka asijue jina la anayelala ng'ambo ya ukuta wake, na ndiyo maana wakawa wataalamu wa ujirani. Kabla yao ilikuja kampuni ya soda ikatujengea jamii ya wanywaji. Ikaja kampuni ya simu ikatujengea jamii ya wapiga simu. Zote ziliondoka zikatuachia fulana. Hawa nao walikuja na fulana, lakini walikuja na kubwa zaidi. Mkurugenzi wao, Bwana Vandel, kijana mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kozi mpaka kikawa kizuri cha kutisha, alipanda jukwaani akasema:

"Mabibi na mabwana, tumekuja kuwajengea jamii."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kusema kweli tulikuwa na shida. Mpaka siku hiyo tulikuwa tunaishi hivihivi tu, na majirani, wakwe, mashemeji, watu wa kuchangiana misiba na watu wa kuazimana sufuria, hatuna jamii hata ya kusingiziwa.

Akaeleza. Unakwenda mgahawani, kwa kinyozi, kwa fundi cherehani. Ukitoka unafungua simu, unaingia kwenye programu ya kampuni, unampa mwenye duka nyota. Nyota tano maana yake umeridhika mno, nyota moja maana yake umechukizwa. Chini yake unaandika maneno yatokayo moyoni, nchi nzima inasoma.

"Msiogope," alisema Bwana Vandel. "Andikeni kwa uhuru, kama mnavyosemezana ninyi kwa ninyi."

Maskini ya Mungu. Ningemshika mkono hapohapo, lakini nilikuwa nimepewa kipaza sauti, sikupewa mamlaka.

*

Inabidi nieleze kidogo, kwa ajili ya msomaji wa mbali.

Nchi yetu ina makabila mawili makubwa. Wakilima wanakaa milimani, Wamto wanakaa kando ya mto. Zamani walipigana vita juu ya fahali mmoja, wakapigana weee, mpaka fahali mwenyewe akafa kwa uzee, wakabaki wanatazamana. Waliona aibu, wakapatana, na tangu hapo wakawa watani. Mmto ana ruhusa ya kumwambia Mkilima neno lolote chini ya jua, Mkilima ana ruhusa ya kumrudishia, na kukasirika ni marufuku. Msibani ndiyo usiseme. Mkilima akifa, Wamto wanakuja kulala kaburini, wanakataa kutoka mpaka wagombolewe. Wanavaa nguo za marehemu, wanaigiza alivyokuwa akikoroma, mpaka mjane anacheka na machozi yakimtoka. Familia ambayo watani hawakuifanyia fujo msibani huona haya kwa miaka.

Asiye mtani wako ni habari nyingine. Huyo unamwambia maneno mazuri, unamshukuru, unamtakia safari njema, kwa sababu neno moja likiteleza mtapelekana mahakamani. Kwa hiyo kwetu mtu akikusifu sana unalala ukijiuliza umemkosea nini. Mimi mwenyewe baba ni Mkilima na mama ni Mmto, nikiwa peke yangu hujitukana mwenyewe na hujijibu vizuri tu.

Hakuna aliyemweleza Bwana Vandel haya. Si kwa roho mbaya, jamani. Hakuna aliyefikiri kwamba yuko mtu duniani aliyekua, akasoma, akafika cheo cha ukurugenzi, hana mtani hata mmoja.

*

Nyuma ya ofisi ya ardhi kuna mgahawa wa Bi Siwatu. Bi Siwatu ni Mkilima, mama wa makamo, mnene wa wastani, mdomo si wa wastani. Mgahawa aliurithi kwa mama yake, ndio uliosomesha wanawe, ndio unaomtoa kitandani asubuhi. Aliwahi kuugua akalazwa, akawa anawaambia wauguzi wampeleke kwenye moto wake tu, atapona hukohuko. Na pilau yake, wallahi, mimi nimekula harusi za matajiri nchi nzima, sijaona.

Mteja wake mkubwa ni Masumbuko, fundi baiskeli, Mmto kutoka unyayo hadi utosi. Hajakosa chakula cha mchana pale tangu alipofungua kibanda chake. Alipopata programu ile kwenye simu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika. Alitoa nyota moja, na chini yake akaandika:

"Nyama ya Bi Siwatu, ng'ombe wake alistaafu kwa heshima, akafa baadaye kwa sababu zake mwenyewe. Chapati moja nimezibia tairi la nyuma, nimefika kazini salama. Wakilima, moto mmeuona juzi, tunawahurumia."

Bi Siwatu alisomewa, akacheka mpaka akashika meza. Akapeleka sahani ya bure kibandani. Wamto wengine wakaona, wivu ukawaingia, nao wakamiminika. Mmoja aliandika kwamba pilau ile aliila mbele ya mashahidi wawili, endapo yatamkuta. Mwingine aliandika kwamba amekula pale miaka mingi na bado anasubiri kushiba, kufa au kuombwa radhi, lolote litakalotangulia. Wote nyota moja. Kwa kweli ile programu ilipendwa.

Ng'ambo ya barabara kuna Hoteli ya Fahari, ya Bwana Mkobelo. Bwana Mkobelo alihamia kutoka mbali, hana mtani mjini, kwa hiyo hajawahi kuwa na mtu wa kumwambia kwamba chai yake ni baridi. Siku moja nilimkuta mende kwenye kikombe pale, tena mende wa kuogelea kwa mtindo. Nilitoka nikaandika kama raia mwema: "Chai nzuri. Asanteni kwa ukarimu." Nyota tano. Kila mtu aliandika hivyo. Nani anataka ugomvi na mtu ambaye hamtaniani?

*

Bwana Vandel alikula kwa Bi Siwatu kwa bahati. Gari lake lilizimika hapo nyuma ya ofisi ya ardhi, njaa ikamshika, harufu ikamvuta. Nilikuwapo. Alikula sahani ya kwanza akiwa amekaa wima. Ya pili alifungua kifungo cha shati. Ya tatu aliinamia meza, anavuta pumzi kwa pua tu. Alipomaliza aliweka mkono kifuani akamwambia Bi Siwatu kwamba tangu azaliwe hajala chakula kama kile.

"Pole, mwanangu," Bi Siwatu akamjibu, maana hakujua amjibu nini mtu anayemsifu.

Kisha Bwana Vandel akatoa simu ili atoe nyota zake, akakuta maoni. Alisoma moja baada ya jingine, uso ukimbadilika rangi. Akaitazama sahani tupu. Akaitazama tena simu.

"Nilikosea," akaniambia kwa sauti ya mgonjwa. "Ulimi wangu ni mmoja, na hawa ni maelfu. Ulimi wangu hauna takwimu za kutosha."

Jioni ile alipatwa na tumbo la kusokota. Daktari hakuona kitu. Nadhani aliugua maoni.

*

Sasa ingiza serikali.

Mheshimiwa Dokta Sembuli alikuwa Waziri wa Maoni ya Wananchi. Wizara hiyo ilikuwa mpya, maana ile ya zamani, ya Kuzuia Maoni, ilikuwa imezidiwa na kazi. Kwa kuzaliwa Mheshimiwa ni Mmto, tena wa kijiji kimoja na Masumbuko, lakini alipopata udaktari wa vyuoni alitangaza kwamba hana kabila, ana shahada. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtania. Alikuwa anatembea amekakamaa kama aliyevaa suti na hanga yake ya kutundikia.

Alipoona zile nyota alifurahi sana. Miaka yote alikuwa anatafuta njia ya kujua wananchi wanataka nini bila kukutana nao. Akapeleka muswada bungeni, ukapita kabla ya chai. Biashara yenye nyota tano itapewa zabuni za serikali. Biashara yenye nyota moja itafungwa kwa heshima na taadhima. Na penye utata, maoni ya Waziri mwenyewe yatakuwa ndiyo ya mwisho.

"Maoni ya wananchi ni dira ya taifa," alisema redioni. "Nasi tutaifuata dira hiyo hata kama wananchi wenyewe watatushauri vinginevyo."

Hoteli ya Fahari ikapewa zabuni ya kulisha Baraza la Mawaziri. Taarifa rasmi ilisema kikao cha kwanza baada ya chakula hicho kilikuwa kifupi kuliko vyote katika historia, na kwamba waheshimiwa walitoka kwa kasi inayoonesha ari ya kuwatumikia wananchi.

Na gari la matangazo likapita nyuma ya ofisi ya ardhi, likasimama mlangoni kwa Bi Siwatu, likamtangazia kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni kwamba mgahawa wake ndio ulioshika mkia nchi nzima, na mwisho wa mwezi utafungwa, hongera.

Bi Siwatu alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini, akakaa juu ya gunia la mkaa. Sijawahi kumwona amekaa wakati sufuria iko motoni.

"Wanifunge nikafanye nini?" akaniuliza. "Mimi sina kazi nyingine ninayoijua, Mshereheshaji. Nikiamka asubuhi nisiende jikoni niende wapi?"

Niliuokota ule mwiko, nikakoroga sufuria isiungue. 

*

Wazo lilikuwa langu, na naona lilikuwa zuri. Kama nyota zinamfunga, basi nyota zimfungue. Tukamwita Masumbuko.

"Mtani," Bi Siwatu akamwambia, anatazama pembeni kwa aibu. "Nina ombi. Naomba unisifu."

Masumbuko alisimama na mkate mdomoni. "Nikusifu?"

"Mtandaoni tu."

"Kwani tumekosana nini?" Akautoa ule mkate mdomoni. "Kama ni ile habari ya tairi, mbona ulicheka?"

Tulimweleza sheria. Alielewa, lakini kuelewa na kuweza ni mambo mawili. Alikaa na simu ile mchana kutwa, kijasho chembamba kinamtoka, anaandika anafuta, huku baiskeli za watu zimelala chini bila magurudumu. Hatimaye akatuma, nyota tano: "Chakula kizuri. Asante." Akawaambia na Wamto wenzake, nao wakafunga macho wakaandika yao. Kazi nzuri. Vyakula vitamu. Mpishi hodari.

Kesho yake Masumbuko alikuja kula kama kawaida. Aliingia akasema, "Habari za mchana." Mgahawa wote ukageuka. Bi Siwatu akamwekea sahani mbele. Masumbuko, ambaye hakujua tena aanzie wapi, akasema, "Nashukuru sana."

Kijiko cha mtu kilianguka, na hakuna aliyeinama kukiokota. Bi Siwatu akabaki amesimama na kanga begani. Akaenda zake uani. Nilimfuata nikamkuta analia kwa kwikwi, analia kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Na wakati sisi tuko uani, milimani Wakilima walikuwa wanasoma simu zao. Wamto wote wanamsifu Bi Siwatu. Wote, kwa mkupuo, kwa adabu. Wazee walitazamana. Mara ya mwisho Wamto kuwasifu Wakilima kwa pamoja ilikuwa usiku wa kuamkia ile vita ya fahali. Kabla ya alasiri unga ulikuwa umekwisha madukani. Watu walifunga milango, wakawaita watoto ndani. Bibi mmoja alimwagiza mjukuu wake apande darini akaangalie kama ngao ya babu bado ina mshikio. Wamto nao, walipoona Wakilima wanafunga milango, wakaanza kuvuta mitumbwi majini tayari kukimbia, na waliokutana njiani walikuwa hawaaminiani tena, wanaamkiana kwa adabu: "Shikamoo." "Marahaba, pole na safari." "Asante, nawe pia." 

Jeshi likawekwa tayari. Bwana Vandel yeye aliandika makao makuu kwamba jamii sasa imejengeka, lugha ya chuki imekwisha kabisa.

Bi Siwatu alijifuta uso akatoka uani. Akaenda mpaka meza ya Masumbuko.

"Futa," akasema.

"Mtani, watakufunga."

"Wanifunge. Hiyo 'asante' yako ikikaa pale hata siku moja nitakufa mimi, mgahawa utabaki unauza chai. Futa, na uniambie huo wali ukoje."

Masumbuko akafuta. Akauvuta ule wali karibu. "Huu wali," akaanza, sauti imekauka, "huu wali, Mkilima wewe, kuku wangu akiuona atahama nyumbani." Na hapo koo likafunguka. Alimtukana Bi Siwatu, akamtukania sufuria, akamtukania mlima, akatukana jua kwa kuwachomozea Wakilima kwanza wakati hawana la kulifanyia. Bi Siwatu alimjibu neno kwa neno, mikono kiunoni, machozi hayajakauka. Mtu akawarekodi, akawatuma kila mahali. Jua halijazama milango ikafunguliwa, mitumbwi ikarudishwa nchi kavu, nchi ikalala usingizi.

Nyota zikarudi ile moja, na mwisho wa mwezi ukafika.

*

Nikaitwa kazini. Kadi yangu ya mwaliko ilisema: Hafla ya Uzinduzi Rasmi wa Ufungaji. Lilijengwa jukwaa mbele ya mgahawa, likawekwa zulia jekundu juu ya mavumbi, na kwa kuwa hafla ilikuwa ya kufunga, Mheshimiwa Waziri hakuandaliwa utepe wa kukata bali utepe wa kufunga fundo. Bwana Vandel alikaa mstari wa mbele, amevaa fulana ya kampuni juu ya shati. Bi Siwatu alipewa kiti cha pembeni, kama mgeni asiyetarajiwa. Alikuwa amevaa kanga zake mpya kabisa, na asubuhi hiyo alikuwa amepika pilau sufuria kubwa, ya kuagia. Mikono ilikuwa mapajani, inasuguana.

Nikatangaza. "Naomba sasa nimkaribishe mgeni rasmi aje atufungie."

Mheshimiwa akanyanyuka na utepe wake. Hapo ndipo tuliposikia vilio.

Wamto walikuja wakitokea upande wa mto, umati mkubwa, wanalia kilio cha uongo kile cha kuvuta kwa pua. Mbele yao alikuwa Masumbuko. Alikuwa amevaa gauni la Bi Siwatu na aproni yake, amejifunga mto tumboni na mwingine nyuma, anatembea kwa madaha, anaonja mchuzi hewani na kutia chumvi kwa ngumi. Mafundi baiskeli wenzake wakaenda moja kwa moja mlangoni, wakajilaza kizingitini wamepangana kama magogo, wakafumba macho.

"Nini hiki?" akauliza Mheshimiwa.

"Tumesikia Mkilima amekufa," Masumbuko akasema kwa sauti ya Bi Siwatu. "Hazikwi bila sisi. Tugomboeni."

Mheshimiwa akamgeukia kamanda wa polisi. "Ondoa watu hawa."

Kamanda alitazama juu, akatazama viatu vyake. "Mheshimiwa, hao ni watani na wako msibani. Huo mkono wa kuwagusa nitautoa wapi?" Akavua kofia, akamkabidhi msaidizi wake. "Na mimi pia ni Mmto," akasema, akaenda akajilaza mlangoni na wenzake.

Msaidizi wa Waziri akaingiza mkono mfukoni kuuliza ni shilingi ngapi. Masumbuko akamzuia kwa mwiko.

"Hatutaki hela. Marehemu alikuwa mpishi. Anayetaka kumzika ale chakula chake cha mwisho, halafu aseme neno mbele ya watu."

Kilipakuliwa. Bwana Vandel alipewa sahani yake, akaipokea kwa hofu, kisha pua ikamsaliti akaanza kula. Mheshimiwa alichota kidogo, kwa ncha ya kijiko, kama anayeonja dawa. Akatafuna. Akameza. Akashika kipaza sauti changu akasema kile alichozoea kusema miaka yote.

"Ndugu Bi Siwatu. Chakula chako ni kizuri. Serikali inakushukuru."

 Mwanamke mmoja nyuma alimwinua mtoto wake akamweka mgongoni, tayari kuondoka. Bi Siwatu akasimama polepole.

"Mheshimiwa," akasema, "nimekukosea nini?"

Waziri akanirudishia kipaza sauti.

"Babu yako alilala kwenye kaburi la babu yangu mpaka akagombolewa kwa mbuzi. Mama yako alinivalia viatu siku namzika mume wangu, akachechemea mbele ya watu kama nilivyokuwa nachechemea, nikacheka siku niliyodhani sitacheka tena. Nifunge ukitaka. Sheria ni yako. Lakini usinishukuru, mtani. Hilo sijalistahili."

 Mheshimiwa alitazama sahani. Akachota tena, safari hii kijiko kizima, na nyama juu. Akatafuna sana. Kitu fulani kikaanza kulegea mabegani mwake.

"Bi Siwatu," akasema taratibu, "huu wali uliupika, au uliusimulia tu habari za moto?"

Nani alianza kucheka sijui. Najua kipaza sauti kiliniponyoka. Wamto waliokuwa wamelala mlangoni walikuwa wanagaagaa. Na Mheshimiwa, aliyekaa miaka yote ile na shahada yake bila mtu wa kumchokoza, hakukomea hapo. Alisema nyama ile ameitambua, waliwahi kusoma nayo darasa moja. Alisema Wakilima walihamia mlimani ili harufu ya mapishi yao iwafikie malaika kwanza, malaika wakahama. Alikuwa anasema huku anakula, anacheka huku machozi yanadondokea sahanini.

"Kula unyamaze, Mmto wewe," Bi Siwatu akamjibu, uso umemchanua. "Kwenu mpaka leo kambale akipita mnampa shikamoo."

Baada ya sahani ya pili Mheshimiwa alijifuta mdomo kwa ule utepe, akatangaza uamuzi wa serikali. Kwa kuwa penye utata maoni ya Waziri ndiyo ya mwisho, na kwa kuwa Waziri bado hajamaliza kula, hafla ya ufungaji imeahirishwa mpaka tarehe itakayotangazwa. Nimeulizia tarehe hiyo wizarani mara nyingi, maana sikumaliziwa malipo yangu. Wanasema Mheshimiwa bado anaonja.

Bi Siwatu hakusubiri hotuba iishe. Alipita katikati ya waheshimiwa, akawaruka waliolala mlangoni, akaingia jikoni kuangalia moto.

*

Watu walikula siku hiyo mpaka ukoko.  Bwana Vandel alikuwa anamtazama Mheshimiwa, anamtazama Masumbuko, anatazama sahani walizozilamba. Mwishowe akanivuta mkono.

"Mshereheshaji, naomba ufafanuzi. Wanasema vibaya, lakini wanakula vizuri."

"Ni watani, bwana," nikamwambia. "Mtu unayempenda ndiye unayeweza kumwambia hivyo."

"Kwa hiyo ile nyota moja..."

"Ndiyo."

"Na Hoteli ya Fahari?"

"Ile tunaiheshimu. Mimi mwenyewe naiheshimu sana, nina mwaka sijaingia."

Alifikiri. Niliona kabisa jinsi lile wazo lilivyokuwa linamshukia, taratibu, kutoka kichwani kwenda tumboni. Akatoa simu mfukoni, akaishika bila kuifungua.

"Na kampuni yetu?" akauliza. "Ujirani Kimataifa. Mmetupa nyota ngapi?"

 Watu wakainamia sahani. Bi Siwatu alichungulia kutoka jikoni, akaona hali ilivyo, akarudi ndani. Masumbuko alivua aproni akaikunja vizuri, akatoa mto tumboni, akasimama wima mbele ya Bwana Vandel, akampa mkono kwa mikono yote miwili.

"Tano, Mheshimiwa Mkurugenzi," akasema kwa adabu kubwa. "Nchi nzima tumewapa tano. Tunawashukuru sana."